Hisa ni Zako, Kauli ni ya Nani?

Na Mwandishi Wetu

Si ajabu tena siku hizi kumkuta karani, mwalimu, muuguzi au fundi wa jijini akiwa na hisa katika kampuni kubwa. Tangu Soko la Hisa la Dar es Salaam lilipoanza biashara mwezi Aprili 1998, kwa hisa za kampuni moja tu ya kutengeneza gesi za viwandani, mambo ambayo zamani yalizungumzwa na mabenki na wanasheria yameingia katika mazungumzo ya baba na mama baada ya chakula cha jioni. Huko Kenya mwaka 2008 robo ya kampuni ya simu ya Safaricom iliuzwa kwa umma kwa shilingi 5 za nchi hiyo kila hisa, na waombaji wakafikia mamia ya maelfu. Hapa kwetu mwaka 2017 ikauzwa robo ya Vodacom Tanzania kwa shilingi 850 kila hisa.

Fedha za namna hiyo hazipatikani kwa urahisi katika nyumba ya mfanyakazi. Ni kiwanja ambacho hakikununuliwa. Ni mabati yaliyosubiri mwaka mwingine. Ni kiinua mgongo cha miaka thelathini. Kwa hiyo mnunuzi huuliza maswali, na ana haki ya kuuliza. Huuliza bei ya hisa, na huuliza gawio hutolewa lini. Lakini swali la tatu, ndugu msomaji, mara nyingi huliuliza akiwa amekwisha kulipa, au haliulizi kabisa: ndani ya kampuni hii neno langu lina uzito gani, na ni nani ambaye neno lake linaweza kulifuta langu?

KURA YA MTU NA KURA YA HISA

Wengi wetu tumejifunza kupiga kura za fedha katika ushirika. Katika chama cha akiba na mikopo cha kazini, mwanachama mwenye hisa kumi na mwenzake mwenye hisa elfu wana kura moja moja. Kinachohesabiwa ni mtu. Katika kampuni kinachohesabiwa ni hisa: mwenye hisa 1 ana kura 1, na mwenye hisa milioni ana kura milioni.

Yeyote aliyewahi kuhudhuria mkutano mkuu wa mwaka wa kampuni pengine hakuliona jambo hili kwa macho yake, kwa sababu mambo mengi hupitishwa kwa kunyoosha mikono, na mkono wa mzee wa Temeke mwenye hisa mia una thamani sawa na mkono wa wakala wa kampuni mama kutoka ng'ambo. Lakini likizuka jambo zito, sheria inaruhusu idaiwe kura ya hisa. Hapo mikono hushushwa, daftari la wanahisa hufunguliwa, na kila mtu huhesabiwa kwa kadiri ya alichonunua. Soda zinazofuata baada ya mkutano hunywewa na wote kwa usawa. Matokeo ya kura hayana usawa huo.

Kwa utaratibu huu mwenye zaidi ya nusu ya hisa ndiye anayechagua bodi ya wakurugenzi, na bodi ndiyo inayoajiri meneja mkuu, inayopendekeza gawio na inayoamua kampuni ifanye biashara na nani. Mwenye robo tatu anaweza kupitisha peke yake hata maazimio maalumu, kama lile la kubadilisha katiba ya kampuni. Kampuni inapouza robo tu ya hisa zake kwa umma, na robo tatu zikabaki kwa mwenyewe mmoja, wanahisa wapya wamepata mali halisi na haki ya gawio, lakini usukani hawakuugusa.

Hata hivyo hapo fedha na kauli zinakwenda njia moja. Mwenye robo tatu ya kura ametia robo tatu ya mtaji, na kampuni ikianguka yeye ndiye atakayeumia kupita wote. Iko namna nyingine ambayo haina ulinganifu huo. Hisa za kampuni moja hugawanywa madaraja. Hisa ya daraja moja hupewa kura moja, ya daraja jingine hupewa kura kumi, na pengine hutengenezwa daraja la tatu lisilo na kura hata moja. Mwenye hisa za daraja la juu anaweza kuwa ametia sehemu ndogo mno ya mtaji, na bado kampuni nzima ikaenda atakako.

Mfano wa kufundishia jambo hili hauko mbali na kumbukumbu za wasomaji wetu wa makamo. Ni kampuni ya magari ya Ford ya Marekani, ambayo Cortina yake ilishinda mashindano ya Safari ya Afrika Mashariki mwaka 1964, na Escort yake ikayashinda mwaka 1972 na tena mwaka 1977. Habari za kampuni hiyo ni habari za familia moja, za baba, mwana na wajukuu.

DOLA MIA ZA MWALIMU

Kampuni hiyo iliandikishwa mwezi Juni 1903 katika jimbo la Michigan. Henry Ford na wenzake kumi na mmoja waligawana hisa, na fedha taslimu zilizopatikana zilikuwa dola 28,000 tu. Miongoni mwa waliotia mtaji alikuwamo James Couzens, karani wa mfanyabiashara wa makaa ya mawe, na ndugu wawili mafundi, John na Horace Dodge, waliokuwa na karakana ya kutengeneza injini. Dada yake Couzens, Rosetta, alikuwa mwalimu wa shule mwenye akiba kidogo. Akatoa dola 100.

Kufikia mwaka 1916 kampuni hiyo ilikuwa na limbikizo la karibu dola milioni 112. Henry Ford, ambaye sasa alikuwa na asilimia 58 na nusu ya hisa zote, akatangaza kwamba magawio maalumu yamekwisha. Fedha zitajenga viwanda vipya, zitaongeza wafanyakazi na zitapunguza bei ya gari. Ni nia ambayo mtu wa kawaida hawezi kuilaumu. Lakini ndugu wawili wa Dodge, wenye asilimia 10, walikuwa wamekwisha kuanzisha gari lao wenyewe na walizihitaji fedha hizo. Wakaenda mahakamani.

Mwezi Februari 1919 Mahakama Kuu ya Rufaa ya Michigan iliamuru gawio la zaidi ya dola milioni 19 lilipwe, ingawa ilikataa kuuzuia mpango wa kujenga viwanda. Wanahisa wadogo walishinda. Ila tazama ushindi wenyewe: katika kila dola iliyolipwa, senti 58 na nusu ziliingia mfukoni mwa mshitakiwa.

Na Ford hakungoja kushitakiwa tena. Alikuwa amejiuzulu uongozi wa kampuni mwishoni mwa mwaka 1918 na kumwachia mwanawe Edsel. Hukumu ilipotoka, magazeti yakaanza kuandika kwamba mzee anakusudia kuanzisha kampuni nyingine kabisa, itengeneze gari jipya la bei nafuu zaidi. Wenye hisa katika kampuni ya zamani wakaingiwa na hofu. Hisa za kampuni iliyoachwa na Henry Ford zingekuwa na thamani gani? Wakati huohuo mawakala walikuwa wakipita kimya kimya wakiuliza bei. Katikati ya mwaka 1919 wote walikuwa wamekwisha kuuza, kwa jumla ya karibu dola milioni 106, na mnunuzi alikuwa Ford mwenyewe. Kampuni mpya haikuanzishwa.

Hakuna aliyetoka hapo maskini. Ndugu wa Dodge walipata dola milioni 25. Dola 100 za Rosetta zilimletea zaidi ya dola 260,000, mbali na magawio ya miaka yote iliyotangulia. Hata hivyo bei hiyo haikutokana na mapatano ya watu walio sawa. Mahakama iliweza kuwapa wadogo fedha zao; haikuweza kuwapa kiti mezani. Na hapo, msomaji akumbuke, kila hisa ilikuwa na kura moja. Madaraja yalikuwa hayajaja.

WAJANE WA DODGE

John na Horace Dodge walifariki dunia mwaka uleule mmoja, 1920. Mwaka 1925 wajane wao waliiuza kampuni yao kwa benki ya Dillon, Read ya New York kwa dola milioni 146, fedha ambazo zilishangaza Marekani nzima. Benki hiyo nayo haikukusudia kukaa na deni. Ilizirudisha fedha zake kwa kuwauzia wananchi hati za mkopo na hisa, lakini hisa za kawaida zilizouzwa kwa umma hazikuwa na kura. Hisa zenye kura benki ikajiwekea. Kwa hiyo watu walionunua kwa akiba zao walilipa karibu gharama yote ya kampuni, na aliyebaki kuiongoza hakuwa na fedha zake za kutajika ndani yake.

Kelele zilizofuata ziliongozwa na profesa mmoja wa Chuo Kikuu cha Harvard, William Ripley. Mwaka 1926 Soko la Hisa la New York likaanza kukataa hisa zisizo na kura, na msimamo huo ukadumu kwa miongo mingi. Ulikuja kulegea katika miaka ya 1980, baada ya General Motors kutoa hisa zenye nusu kura mwaka 1984. Msimamo huo ndio uliokuja kuitia familia ya Ford mashakani miaka thelathini baada ya kisa cha wajane.

KODI YA MIRATHI

Mwaka 1935 Serikali ya Marekani ilipandisha kodi ya mirathi. Kwa sehemu ya mali iliyozidi dola milioni 50, kiwango kilifika asilimia 70. Henry Ford alikuwa mzee wa zaidi ya miaka sabini, na karibu mali yake yote ilikuwa kampuni. Warithi wangelazimika kuuza hisa ili kulipa kodi, na kampuni ingekwenda kwa wageni, watu ambao mzee huyo hakuwapenda tangu zamani.

Njia iliyopatikana ilikuwa ya kisheria na ya werevu mkubwa. Hisa ziligawanywa. Asilimia 95 zilifanywa kuwa hisa zisizo na kura, na asilimia 5 tu zikawa na kura. Mwaka 1936 ukaanzishwa Wakfu wa Ford, kwa zawadi ya dola 25,000 tu kutoka kwa Edsel. Edsel alipofariki mwaka 1943, na Henry mwaka 1947, hisa zisizo na kura zilikwenda kwa wakfu, bila kodi, hata wakfu ukawa na karibu asilimia 90 ya kampuni nzima. Hisa zenye kura zilibaki kwa familia. Wakfu wa hisani ukawa tajiri kupita wote duniani wakati ule, wala haukuweza kumwondoa hata mkurugenzi mmoja wa kampuni uliyoimiliki.

Utajiri huo ulifika hata kwetu. Mwishoni mwa miaka ya 1960 fedha za Wakfu wa Ford ndizo zilizogharimia uchunguzi mkubwa wa matumizi ya lugha katika Ethiopia, Uganda, Kenya, Tanzania na Zambia, ambao matokeo yake kwa upande wa Tanzania yalichapishwa kitabu mwaka 1980. Wanafunzi wa Kiswahili wanaokinukuu kitabu hicho wanakula, bila kujua, matunda ya mzozo wa kodi ya mirathi ya Detroit.

Baada ya muda wakfu ulichoka kuwa na mali yake yote mahali pamoja, tena mahali ambapo haukuwa na neno. Ukataka kuuza. Soko la New York likasema: hisa zisizo na kura hatuzipokei. Familia ikasema: kampuni hatuiachii. Mazungumzo yalichukua muda mrefu, na mshauri wa familia alikuwa Sidney Weinberg wa benki ya Goldman Sachs. Mapatano yaliyofikiwa ndiyo yanayoiongoza kampuni hiyo mpaka leo. Hisa zitakazouzwa kwa umma zitakuwa na kura moja moja. Hisa za familia, zinazoitwa za daraja B, zitakuwa na asilimia 40 ya kura zote, bila kujali hisa za kawaida zitaongezeka kiasi gani. Mwezi Januari 1956 wakfu uliuza hisa milioni 10.2 kwa dola 64.50 kila moja, na haikuwahi kutokea kampuni kuuzwa kwa umma kwa fedha nyingi kiasi kile.

Hesabu ya leo ni hii. Kampuni ina hisa karibu bilioni 4. Za daraja B ni kiasi cha milioni 70, yaani chini ya asilimia 2. Hizo ndizo zenye asilimia 40 ya kura. Kwa maneno mengine hisa moja ya familia inapiga zaidi ya kura 35 pale ambapo hisa ya mwalimu wa Detroit inapiga moja. Asilimia 40 si nusu, ni kweli. Lakini katika mkutano ambamo wanahisa wengine ni maelfu kwa maelfu waliotawanyika, na wengi wao hawapigi kura kabisa, anayekuja na 40 mkononi huhitaji wachache mno wa kumuunga mkono.

Haki nayo itendeke kwa waliotunga mapatano yale: waliweka mipaka. Hisa ya daraja B ikiuzwa nje ya familia hugeuka kuwa hisa ya kawaida. Na hisa za daraja hilo zikipungua chini ya kiasi cha milioni 60.7, kura za familia zinashuka hadi asilimia 30. Zikipungua zaidi, chini ya kama milioni 34, upendeleo wote unakwisha. Familia inaweza kula mali yake au kuishika kauli yake, lakini haiwezi kufanya yote mawili bila kikomo.

USUKANI ULIPOTUMIKA

Je, mpango kama huu ni mzuri au mbaya? Wako wanaojibu kwa neno moja, na wote wanakosea.

Mwezi Julai 1978 mwenyekiti wa Ford, Henry Ford wa Pili, mjukuu wa mwanzilishi, alimfukuza kazi rais wa kampuni, Lee Iacocca. Kampuni ilikuwa ikipata faida kubwa, na baadhi ya wakurugenzi hawakuona sababu. Sababu haikuhitajika. Iacocca alikwenda Chrysler na kuiokoa kampuni hiyo isife, naye akawa mmoja wa mameneja mashuhuri wa karne hiyo. Wanahisa wa Ford, wenye asilimia 60 ya kura, walisoma habari hizo magazetini kama watu wengine.

Lakini tazama mwaka 2006. Kampuni ilikuwa ikipoteza fedha nyingi. Mwenyekiti na mtendaji mkuu alikuwa kitukuu, William Clay Ford Mdogo. Mtu huyu alifanya jambo ambalo wakubwa wengi hawaliwezi: alikiri kwamba kazi imemshinda kwa kiasi chake, akamwajiri Alan Mulally kutoka kampuni ya ndege ya Boeing na kumwachia kiti cha utendaji, yeye akibaki mwenyekiti. Mwisho wa mwaka huo kampuni ilikopa zaidi ya dola bilioni 23 na kuweka rehani karibu kila kilichokuwa chake, viwanda, hataza, na hata ile nembo ya duara la buluu yenye jina la babu. Gawio lilisimamishwa mwaka huohuo wala halikurudi mpaka 2012, na wanafamilia hawakulipata wao pia.

Mwezi Novemba 2008 hisa ya Ford ilishuka chini ya dola 2. Katika mwaka 2009 General Motors na Chrysler ziliomba ulinzi wa mahakama kwa kufilisika, na zikaokolewa kwa fedha za walipa kodi. Ford haikufilisika. Mwandishi wa makala haya anaamini kwamba bodi inayoogopa bei ya hisa ya wiki ijayo isingethubutu kuweka rehani nembo ya kampuni wakati mabenki bado yanakopesha. Familia iliyojua kwamba haiwezi kuondolewa, na ambayo jina lake ndilo lililokuwa rehani, ilithubutu. Kauli isiyolingana na mtaji iliziokoa ajira za watu wengi.

Hivyo uimara uleule uliomfukuza Iacocca bila maelezo ndio uliowapa Mulally na mkopo wake nafasi. Anayenunua hisa za namna hii ananunua tabia ya mtu mmoja au ya ukoo mmoja, na tabia haiandikwi katika hesabu za mwaka.

Pale tabia inapokuwa mbaya, hasara huwa kubwa. Kampuni ya Hollinger International, iliyochapisha magazeti ya Chicago Sun-Times na Daily Telegraph, ilitawaliwa na Conrad Black. Kupitia msururu wa kampuni, mtaji wake ulikuwa kiasi cha theluthi moja, au pungufu yake, na kura zake zilipita theluthi mbili. Kampuni yake binafsi ililipwa na Hollinger zaidi ya dola milioni 200 kwa miaka kadhaa kama ada ya uongozi. Mwaka 2007 mahakama ya Chicago ilimtia hatiani. Baadhi ya hukumu zilitenguliwa katika rufaa mwaka 2010, na mwaka 2019 Rais Trump akampa msamaha. Kinachotuhusu sisi ni mfereji wenyewe: ada, mikopo, mikataba ya huduma na bei za vipuri vinavyonunuliwa kutoka kampuni ndugu. Gawio hugawiwa kwa wote kwa kadiri ya hisa. Ada ya uongozi humwendea mmoja. Mwenye kura nyingi na mtaji mdogo ana kila sababu ya kuipenda ada kuliko gawio.

Wakubwa wa biashara ya intaneti wamekwenda mbele zaidi ya Ford. Google ilipoingia sokoni mwaka 2004 iliwapa waanzilishi hisa za kura kumi kumi, na mwaka 2014 ikatoa hisa za daraja C zisizo na kura. Mark Zuckerberg wa Meta, kampuni ya Facebook, ana takriban asilimia 13 ya hisa na kiasi cha asilimia 60 ya kura. Kampuni ya Snap mwaka 2017 iliuza hisa kwa umma zisizo na kura hata moja, na zikanunuliwa kwa kugombaniwa. Masoko ya Hong Kong na London, yaliyokuwa yakijivunia ukali wao, nayo yamelegeza kanuni zao tangu 2018 na 2021, kwa kuogopa kwamba biashara itahamia New York. Profesa Ripley angeshangaa.

KABLA YA KUJAZA FOMU

Yanatuhusu nini haya? Yanatuhusu zaidi ya tunavyodhani. Mtu mwenye simu leo anaweza kununua hisa ya Marekani akiwa kwenye daladala. Na katika soko letu, ambako kwa kawaida kila hisa ina kura moja, karibu kila kampuni kubwa ina mwenyewe mmoja mwenye wingi wa hisa: Serikali, au kampuni mama ya ng'ambo, au familia. Mwanahisa mdogo wa Dar es Salaam na yule wa Detroit wamekaa upande mmoja wa meza.

Waraka wa matarajio, ule unaopitiwa na Mamlaka ya Masoko ya Mitaji na Dhamana kabla hisa hazijauzwa, ni mrefu na unachosha. Lakini kurasa tatu au nne zinatosha kwa jioni moja ya mume na mke wenye kalamu. Tafuta orodha ya wanahisa wakubwa na asilimia zao. Tafuta kama hisa ni za daraja moja au zaidi, na kama upendeleo wa kura una mwisho, kwa miaka au kwa idadi. Kisha nenda kwenye maelezo ya hesabu, mahali panapotajwa shughuli baina ya kampuni na wenye uhusiano nayo. Hapo ndipo ada ya uongozi, malipo ya jina la biashara na mikopo ya ndugu huandikwa, kwa herufi ndogo. Zilinganishe na gawio. Ukiona ada inapanda mwaka hadi mwaka na gawio limelala, umekwisha kupata jibu la swali la tatu.

Uliza pia ni wakurugenzi wangapi hawakuletwa na mwenye usukani, na kama kamati ya ukaguzi wa hesabu iko mikononi mwao. Mkurugenzi wa namna hiyo hawezi kumshinda mkubwa kwa kura. Anaweza kuuliza, na swali lake likaandikwa katika kumbukumbu za kikao. Sheria yetu ya makampuni ya mwaka 2002 nayo inamruhusu mwanahisa kwenda mahakamani akiona kampuni inaendeshwa kwa namna inayomdhulumu, njia ambayo ina gharama, na ambayo ndugu wa Dodge waliipita na kuona ilipoishia.

Na barua ya mkutano mkuu ikija, usiitupe. Kama huwezi kusafiri, jaza fomu ya wakala. Kura ndogo hazitashinda, lakini zinahesabiwa na kutangazwa, na mwenye wingi hapendi kutangaziwa kwamba wote wasio ndugu zake wamemkataa.

Huko Ford wanalijua hilo. Kwa miaka mingi, kila mkutano mkuu wa mwezi Mei unapokaribia, mwanahisa mdogo mmoja au mwingine hupeleka hoja ileile: kila hisa iwe na kura moja. Bodi huwashauri wanahisa waikatae. Kura hupigwa, na hoja hupata karibu theluthi moja au zaidi kidogo ya kura zote, ambayo, ukiziondoa zile 40 za familia, ni zaidi ya nusu ya kura zilizobaki. Hoja inaanguka. Mwaka unaofuata inaletwa tena.